Uzamivu wa takwimu Marekani: nimeutumia miaka mitano na nusu, haya ndiyo maoni yangu

Wanaonifuata hapa wanajua kazi yangu ya pembeni ni kuchambua vyombo vya jikoni. Nimeshawaambia blenda ipi inaunguza mota ukisagia nazi, na jiko lipi la gesi moto wake mdogo unazimika upepo ukipita dirishani. Lakini tangu nirudi Dodoma, haiishi wiki bila mtu kuniandikia: "Dada, nami nimepata udahili wa PhD ya takwimu, niende?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo nauchambua uzamivu wenyewe kama ninavyochambua friji: bei, uimara, kelele zake, na kama ningenunua tena.

Nilichotumia ni shahada ya uzamivu ya takwimu katika chuo kikuu cha umma, Marekani, upande ule wa mashamba ya mahindi na soya. Chuo sikitaji, maana nina lawama, na baadhi ya watu wake bado ni marafiki zangu. Niliingia Agosti 2018, nikatetea tasnifu Desemba 2023.

Nianze na kilichonipeleka, kwa sababu bila hicho uchambuzi huu hauna maana. Ofisini kwangu nilikuwa natumwa mikoani kuwasilisha matokeo ya tafiti. Mwaka 2017 nilikuwa ukumbini Nyanda za Juu Kusini, nawasilisha utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16. Nikasema udumavu wa watoto chini ya miaka mitano kitaifa ni asilimia 34, nikataja wa mkoa, nikapigiwa makofi ya adabu. Afisa lishe mmoja wa wilaya akanyoosha mkono, mzee wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. "Dada, ya mkoa tumeisikia. Ya halmashauri yangu ni ngapi? Maana kwenye ripoti nina kisanduku cha kujaza."

Nikampa jibu letu la siku zote: utafiti haukusanifiwa kutoa takwimu ngazi ya wilaya. Akakaa. Akasema, si kwa ukali, "Kwa hiyo sisi hatupo."

Na kweli karibu hawakuwepo. Utafiti ule ulichukua maeneo 608 ya kuhesabia watu, kila eneo kaya 22. Hizo ni kaya 13,376 kwa nchi nzima. Ukigawa kwa halmashauri zetu zote unapata kama maeneo matatu kila moja, na huo ni wastani. Kuna iliyoambulia moja, kuna iliyokosa kabisa. Mpishi huonja mchuzi kijiko kimoja akajua chumvi ya sufuria nzima kwa sababu ameshaukoroga. Nchi haijakorogwa. Kijiko cha Makete hakikwambii chochote cha Ludewa.

Usiku ule hotelini nikaanza kutafuta nani anajua kutoa namba ya mahali ambapo hukupima, na kama elimu hiyo inauzwa wapi.

Sasa bei. Wakati ule mtihani wa GRE, ambao vyuo vya kule vilitaka, ulikuwa dola 205, ada ya SEVIS, yaani ya kusajiliwa mwanafunzi mgeni, dola 200, viza dola 160, na bado hujagusa mtihani wa Kiingereza wala ada za kuomba vyuo. Niliomba vyuo vitano, nikaambulia viwili. Ukishapokelewa, habari njema ni kwamba vyuo vingi vya kule havikutozi karo ya uzamivu wa takwimu: wanakufanya msaidizi wa kufundisha au wa utafiti, wanakulipa posho, nawe unafanya kazi saa 20 kwa wiki, ambacho ndicho kikomo cha viza ya mwanafunzi, F-1, masomo yakiendelea. Posho yangu ilikuwa dola 1,850 kwa mwezi, kwa miezi tisa. Miezi mitatu ya kiangazi ujijue. Na ile "bure" ina mkia: kila muhula kulikuwa na tozo za maabara, za basi, za jengo la mazoezi ambalo sikuwahi kuingia, zikifika dola mia sita na ushee. Ni kama ofa za madukani, jiko unapewa bure, mtungi unanunua.

Gharama kubwa haikuwa ya dola. Mume wangu angekuja kwa viza ya F-2, ya mwenzi wa mwanafunzi, ambayo haimruhusu kufanya kazi, na mwanaume aliyezoea kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi huwezi kumfungia kwenye chumba kimoja na theluji. Akabaki na kazi yake. Watoto wawili wakaenda kwa mama yangu Pangani. Mdogo alikuwa na miaka mitatu. Hii sehemu sitaichambua.

Mwaka wa kwanza ndio unaowatoa watu. Mimi nilikwenda nikidhani takwimu ni data. Nilikuwa nimeshasimamia wadadisi, nimesafisha mafaili ya kaya elfu kumi, najua mtu akiandika umri wa mtoto miezi 99 amemaanisha hajui. Darasa la kwanza mwalimu akaingia, hakutaja data, akaandika ubaoni seti za seti, akasema hizi ndizo tunazoruhusiwa kuzipa uwezekano, nyingine haziruhusiwi. Nikageuka kumtazama jirani yangu, kijana kutoka China, anaandika kwa utulivu kama anaandika orodha ya sokoni. Yeye alishayasoma yote haya shahada ya kwanza. Mimi shahada ya kwanza nilisoma jinsi ya kuchora dodoso.

Kuna jambo moja la mwaka ule nilimweleza mama kwa simu, akanielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Embe likidondoka uani, uwezekano wa kuangukia nukta fulani hasa, nukta isiyo na upana, ni sifuri. Na bado limeanguka, na mahali lilipoangukia ni nukta. Kwa hiyo jambo lenye uwezekano sifuri limetokea mbele ya macho yako. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo maana hatukai chini ya mwembe." Nilicheka hadi mwenzangu niliyepanga naye nyumba, Mghana, akagonga ukuta.

Mwisho wa mwaka huo kuna mtihani wa kufuzu. Siku mbili, saa nne kila siku: siku ya kwanza nadharia, ya pili mbinu. Ukifeli mara mbili wanakupa shahada ya uzamili na kukutakia safari njema. Mimi nadharia nilifeli Agosti 2019. Matokeo yalikuja kwa barua pepe saa tisa alasiri, nikiwa ofisi ya wasaidizi nasahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nikaendelea kusahihisha, sijui kwa nini, hadi karatasi ikaisha. Halafu nikaenda chooni.

Kilichoniokoa hakiko kwenye kipeperushi cha chuo chochote. Tulikuwa wanne tuliofeli au tulioogopa kufeli, tukapata chumba chenye ubao wa chaki ghorofa ya tatu, ambacho mlinzi alikuwa anakisahau kukifunga. Kila usiku saa mbili hadi saa tano tunachukua swali moja la mtihani wa zamani, mmoja anasimama ubaoni, wengine wanamuuliza "kwa nini?" kila mstari. Si mstari mgumu tu, kila mstari. Yule kijana wa China, ambaye alishafaulu, alikuwa anakuja Jumatano bila kuulizwa, anakaa nyuma anakula mbegu za alizeti. Ukiandika uongo anaacha kutafuna. Tulijifunza kusikiliza ule ukimya. Januari tulirudia mtihani, tukafaulu watatu. Wa nne sasa hivi anafanya kazi ya bima na ana nyumba, kwa hiyo msimwonee huruma sana.

Ni humo chumbani nilipomfahamu David Blackwell. Kuna kanuni inayobeba majina mawili, Rao na Blackwell, inayosema hivi kwa kifupi: ukiwa na kadirio baya, lichukue, kisha tafuta wastani wake ukizingatia taarifa zote za muhimu zilizomo kwenye data; utakachopata hakiwezi kuwa kibaya zaidi, na mara nyingi ni bora. Rao aliitoa 1945, akiwa kijana wa miaka 25 India, Blackwell 1947. Nilikuwa nimeshaitumia kanuni mwezi mzima kabla Mghana hajaniambia kuwa Blackwell alikuwa mtu mweusi, alipata uzamivu wake Illinois mwaka 1941 akiwa na miaka 22, na baadaye akawa mweusi wa kwanza kupata uprofesa wa kudumu Berkeley. Sikulala mapema siku hiyo. Unakaa mwaka mzima kwenye jengo ambalo hakuna anayefanana nawe isipokuwa mfagizi, kumbe kanuni unayoandika ubaoni imeandikwa na mtu mwenye rangi yako.

Sehemu ninayoipa nyota tano bila kusita ni dawati la ushauri. Idara nyingi za takwimu kule zina huduma hiyo: mtafiti yeyote wa chuo anakuja na data zake, anakaa na mwanafunzi wa uzamivu kwa saa moja, bure. Chuo chetu kilikuwa cha kilimo, kwa hiyo nilipangiwa nguruwe. Naam. Mtoto wa Pangani, binti ya mwalimu wa madrasa, nikawa ndiye mshauri wa takwimu za nguruwe kwa mihula minne.

Wa kwanza alikuwa mtafiti wa lishe ya mifugo, mpole sana, amekuja na nguruwe 48. Mabanda sita, kila banda nane. Mabanda matatu yamepewa chakula kipya, matatu cha zamani. Amepima uzito wa kila nguruwe, ameingiza 48 kwenye programu, jibu limetoka zuri, anataka nimsainie tu aende kuchapisha. Nikamuuliza, "Chakula unamwaga wapi?" Akasema kwenye kihori. "Vihori vingapi?" Sita. Tukatazamana. Chakula hakikutolewa kwa nguruwe, kilitolewa kwa banda. Nane wanaokula kihori kimoja, wanaogombana, wanaoambukizana kikohozi, si mashahidi wanane. Ni shahidi mmoja mwenye midomo minane. Hakuwa na 48. Alikuwa na sita. Tulipokokotoa upya, tofauti yote iliyeyuka. Yule mzungu aliondoka na faili lake kama mtu aliyetoka benki na habari mbaya, lakini wiki iliyofuata akarudi na mpango wa jaribio jipya lenye mabanda 20, na mwisho wa mwaka akaniletea keki. Keki, nashukuru Mungu, si kitu kingine.

Hiyo saa moja ilinifundisha zaidi ya mihula miwili ya nadharia. Mtu akikuletea kaya 44 za wilaya, swali la kwanza ni lilelile: vihori vingapi? Yaani, kaya hizo zimetoka maeneo mangapi?

Utafiti wangu ulihusu makadirio ya maeneo madogo, yaani lile swali la afisa lishe. Wazo lake la msingi linakera ukilisikia mara ya kwanza. Mwaka 1956 Charles Stein alithibitisha kwamba ukikadiria wastani wa vitu vitatu au zaidi kwa mpigo, kuchukua wastani wa kila kimoja peke yake si njia bora. Ukizivuta zote kidogo kuelekea katikati, jumla ya makosa inapungua, hata kama vitu hivyo havihusiani. Mwaka 1979 Fay na Herriot wakalitumia wazo hilo kukadiria kipato cha vijiji vya Marekani vyenye watu chini ya 1,000. Kwa lugha ya kwetu: wilaya yenye sampuli nyembamba inaazima kwa majirani na kwa yale tunayoyajua tayari, kama sensa, barabara, mwinuko na mvua. Yenye sampuli nene inaazima kidogo. Ni mchezo wa upatu wenye hesabu kali.

Kazi yenyewe ya kila siku haina mvuto wowote. Programu za hesabu, R na Stan, ni bure, na mashine kubwa za chuo ni bure, ila unapanga foleni. Unatuma kazi saa nne usiku, unaamka saa kumi na moja unakuta imekufa saa nne na dakika sita kwa sababu ya mkato uliosahau. Na data zina vituko vyake. Ili kulinda siri za kaya, wanaotoa data husogeza kila eneo kwenye ramani makusudi: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na eneo moja katika kila mia ya vijijini hadi 10. Nilipochora ramani yangu ya kwanza, kijiji kimoja kilikuwa kimekaa ziwani, ndani ya maji. Sura nzima ya tasnifu yangu ni jinsi ya kukiri kwamba hujui kijiji kiko wapi hasa na bado ukasema jambo la maana.

Lawama sasa. Msimamizi wangu wa kwanza aliondoka. Ilikuwa Februari 2021, nilikuwa sijakanyaga nyumbani tangu korona ifunge kila kitu Machi 2020, nikapata barua pepe ya mistari mitano: amepata kazi kampuni ya teknolojia, ananitakia kila la heri, atajitahidi kupatikana. Hakupatikana. Takwimu ni fani ambayo kampuni zinaweza kulipa kuliko chuo kwa mbali, kwa hiyo hilo si ajali, ni kasoro ya kiwandani. Nilipoteza miezi kumi na moja kutafuta mwingine ambaye angekubali mada ambayo si yake. Ushauri wangu: kabla hujasaini, muulize mwanafunzi wake wa mwaka wa nne, si yeye, "Mwalimu huyu ana dalili za kuondoka?" Wanafunzi wanajua. Mimi niliambiwa baadaye kwamba wote walijua.

Msimamizi wa pili alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mkali, anayesoma rasimu kwa kalamu ya risasi. Kila nilipoandika "ni wazi kwamba" alikuwa anaandika pembeni, "kwa nani?" Huyo peke yake ni nyota nne.

Chakula: unga wa sembe niliufuata duka la Waafrika, saa moja na nusu kwa gari la kuazima, huku pande zote mbili za barabara ni mahindi hadi macho yanapoishia. Mahindi yale ni ya kulisha mifugo na kutengeneza mafuta ya magari. Tuendelee.

Kama una uzamili tayari na mada unayo mkononi, angalia Ulaya kwanza. Kule mwanafunzi wa uzamivu huanza utafiti karibu siku ya kwanza, na nchi kama Uholanzi na zile za Skandinavia zinakuajiri kwa mshahara. Ubelgiji, chuo cha Hasselt kimekuwa kikipokea watu wetu kwenye uzamili wa takwimu kwa ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la vyuo vya huko, na nimekutana na wengi waliopitia huko, wanajua kazi. Marekani inakupa kitu kingine: miaka miwili ya kubomolewa msingi na kujengwa upya. Kama hisabati yako ilikuwa ya kuunga kama yangu, bomoabomoa hiyo unaihitaji, ila ujue utalia. Na kama unachotaka ni kuitwa Dokta kwenye mialiko ya harusi, kuna njia fupi na za karibu, baki na watoto wako.

Jumla nyota tatu na nusu. Nusu nimeikata kwa zile tozo za jengo la mazoezi. Moja kwa yule aliyeondoka.

Niliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kulala siku tatu Pangani ni kumtafuta yule afisa lishe. Alikuwa amehamishwa, lakini namba yake ilikuwa ileile. Matokeo ya utafiti wa 2022 yalikuwa yameshatoka, udumavu kitaifa umeshuka hadi asilimia 30, huku mikoa yenyewe inayotulisha, Iringa ikiongoza, ikiwa juu kabisa. Nami nilikuwa nimeshaziendesha hesabu zangu kwenye data hizo mpya. Nikajitambulisha. Alikumbuka. "Ah, dada wa 'haukusanifiwa'!"

Nikamwambia sasa nina jibu la halmashauri yake ya zamani. Akaniambia subiri nichukue kalamu. Nikamsomea namba ya chini na namba ya juu, nikamweleza kwamba ya kweli ina uwezekano mkubwa wa kuwa kati ya hizo mbili, na kwa nini pengo ni pana.

Akanyamaza. Nikasikia kalamu ikigonga meza.

"Dokta, kisanduku ni kimoja."